Vimelea vya mwilini: vinaingilia wapi, na namna ya kuvizibia njia

Desturi imeenea mijini na vijijini: kila baada ya miezi 6 mtu anapitia duka la dawa, ananunua albendazoli, anameza, na kwake suala la minyoo limekwisha hadi miezi 6 mingine. Kumeza si vibaya. Ila kidonge hicho kinaua minyoo waliomo tumboni wakati huo tu. Baada ya siku moja mbili dawa imeshatoka mwilini. Kama watoto wanajisaidia nyuma ya banda, kama kachumbari ya mchana imetoka kwenye bustani inayomwagiliwa maji ya mtaro, minyoo wapya wanaanza kuingia wiki hiyohiyo. Dawa inaondoa waliomo, haiwazuii wanaokuja.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa njia ambazo vimelea hupitia, si kwa majina yao. Vimelea vinavyomsumbua binadamu ni vingi, kuanzia tegu mwenye urefu wa mita kadhaa hadi viumbe vya chembe moja visivyoonekana bila darubini. Njia za kuingilia ni chache: mdomo, ngozi, na mdudu anayeuma. Ukijua kipi kinapita wapi, utajua pa kuelekeza nguvu na fedha zako, na utaacha kuhangaika na mambo yasiyosaidia.

Hatua ya 1: Jua kinachokuhusu hapo unapoishi

Mkaazi wa Ukerewe na mkaazi wa Turkana hawana sababu ya kuogopa kitu kimoja. Kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika tatizo kubwa ni kichocho cha utumbo. Unguja, Pemba, Tanga, Kwale na Kilifi wanakijua zaidi kichocho cha mkojo. Pwani yote ina historia ndefu ya matende na mabusha. Mbulu, Mbozi na Busia ya Kenya, kwenye wafugaji wengi wa nguruwe, kuna tegu wa nguruwe. Turkana kuna uvimbe wa ini utokanao na mbwa. Baringo na Pokot Magharibi kuna kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu.

Askarisi na safura (minyoo wa tumboni), giadia na ameba (vimelea vya chembe moja vya tumboni), upele na malaria havichagui mkoa. Hivyo vihesabu vipo popote ulipo Afrika Mashariki, isipokuwa malaria katika nyanda za juu zenye baridi ambako hupungua.

Ukihamia mahali papya, nenda zahanati ya hapo uulize: watu wa hapa wanapimwa nini zaidi, na maji yepi hamshauri watu kuyaingia? Jibu la mhudumu mmoja wa pale litakusaidia kuliko makala ya jumla, hii ikiwamo.

Hatua ya 2: Mikono, kucha na mboga mbichi

Askarisi ni yule mnyoo mrefu, mweupe au wa rangi ya waridi iliyofifia, anayeweza kufika sentimita 30. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na yote hutoka na kinyesi. Yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kukaa wiki 2 au 3 kwenye udongo wenye unyevu na joto ndipo yakomae. Baada ya hapo yanaweza kubaki hai ardhini kwa miaka. Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanaangalia kama uwanja una kinyesi leo, wakiona hakuna wanasema ni safi. Kinyesi kilikwisha kuoza na kusombwa na mvua muda mrefu, mayai yamebaki, na mtoto anatambaa juu yake.

Mayai yakimezwa huanguliwa utumboni, minyoo wachanga hupenya ukuta wa utumbo, hupanda na damu hadi mapafuni, hukoholewa, kisha humezwa tena na kurudi tumboni kukua. Kikohozi cha ajabu kwa mtoto kwa hiyo kinaweza kuwa ni minyoo walio safarini. Wakiwa wachache mtu hajui kama anao. Wakiwa wengi, kwa mtoto mdogo, wanaweza kujisokota na kuziba utumbo kabisa.

Cha kufanya kwanza ni kuachana na beseni la pamoja. Ile desturi ya kuzungusha beseni moja la maji kabla ya kula ina heshima yake, lakini anayenawa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia. Tumia maji yanayotiririka: birika likimiminwa na mtu mwingine latosha, au tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, litoboe tundu dogo karibu na shingo, lining'inize kwa kamba kwenye mti uliolazwa, funga kamba nyingine shingoni iende kwenye kijiti cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, dumu linainama na kumwaga maji, na mkono mchafu haugusi kitu. Sabuni itoboe katikati uitundike pembeni kwa uzi isiibwe na kunguru. Kiweke karibu na choo, si jikoni, kwa sababu mtu akishaondoka chooni bila kunawa hatarudi nyuma.

Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Imani kwamba "cha mtoto hakina uchafu" haina msingi wowote. Mtoto anayetambaa na kula kila anachookota anaweza kuwa na mayai kuliko mtu mzima, na anayemtawaza ndiye anayekwenda kukanda unga.

Kuhusu mboga, sahau chumvi, siki na klorini kama kinga ya minyoo. Mayai ya askarisi yana ganda gumu linalostahimili vyote hivyo, tena yananata. Kinachosaidia ni kuosha jani mojamoja kwa maji yanayotiririka huku ukilisugua, au kumenya, au kupika. Moto ndio unaoyaua. Mchicha na kisamvu vinapikwa, kwa hiyo havina shida sana. Wasiwasi wako uwe kwenye kachumbari, kabichi mbichi, karoti na majani ya kotimiri yanayorushwa juu ya supu ikiwa imeshapoa.

Wajawazito wanaokula udongo wana mambo mawili ya kuangalia. Udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai, hasa usiochomwa. Pia hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na safura ni mojawapo ya vyanzo vyake. Badala ya kumkemea mama, mpelekeni akapime wingi wa damu.

Kuna vinyoo vingine vidogo vyeupe, vyembamba kama uzi, vinavyowafanya watoto kujikuna makalio usiku. Majike hutoka nje usiku kutaga mayai kuzunguka njia ya haja kubwa. Mtoto anajikuna, anaweka kidole mdomoni, mzunguko unaanza upya. Ukitaka kuhakikisha, bandika kipande cha selotepu hapo alfajiri kabla hajaoga, ukipeleke kikapimwe. Tiba ni kwa nyumba nzima siku moja, irudiwe baada ya wiki 2, na siku hiyohiyo shuka na chupi zifuliwe. Hata nyumba safi mno hupata vinyoo hivi, mama asione aibu.

Hatua ya 3: Maji ya kunywa

Dawa za klorini zinazouzwa kwa ajili ya maji ni nzuri sana dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa vimelea nguvu yake ni ndogo. Giadia na ameba husafiri wakiwa ndani ya vifuko vigumu vinavyostahimili klorini kuliko bakteria, na kriptosporidia, kimelea kingine cha maji, klorini karibu haimsumbui kabisa. Kwa hiyo kama una kuni au gesi ya kutosha, chemsha. Maji yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha. Kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, kama Eldoret na Nyahururu, acha yatokote dakika 3, maana huko maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Yale mazoea ya kuchemsha nusu saa ni kuteketeza mkaa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Yakipoa yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba. Ndoo inayochotwa kwa kikombe cha kila mtu inarudisha yote uliyoyaondoa.

Dalili za giadia ni tumbo kujaa gesi, mbeuo wenye harufu ya mayai viza, na choo laini chenye mafuta kinachonuka kupita kiasi, mara nyingi bila homa. Ameba ikikomaa huleta choo chenye damu na kamasi, na ikihamia kwenye ini huleta jipu: homa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia.

Kila tumbo linalouma sasa linaitwa "amiba", na Flagyl inamezwa kama peremende. Tumbo huuma kwa vidonda, kwa maziwa, kwa bakteria, kwa mawazo. Ukimeza metronidazoli (ndiyo Flagyl) bila kupima unachelewesha kujua ugonjwa wako. Na ukiandikiwa kweli, usichanganye na pombe, na umalize dozi.

Hatua ya 4: Nyayo

Mwishoni mwa karne ya 19 huko Cairo, mtaalamu wa vimelea Mjerumani Arthur Looss alijimwagia kwa bahati mbaya matone ya maji yenye safura wachanga kwenye mkono. Ngozi ilimwasha, na majuma kadhaa baadaye alikuta mayai ya safura kwenye choo chake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba safura hahitaji kumezwa. Hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha.

Safura wachanga hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli: migombani, kwenye kahawa, kando ya choo kisicho na sakafu. Mtu akipita peku, wanaingia kati ya vidole. Huko tumboni kila mmoja hunyonya damu kidogo tu, lakini wakiwa mamia, kwa mama mjamzito au mtoto asiyekula vizuri, damu inaisha taratibu. Mtu anachoka, anakuwa mweupe kwenye kope na viganja, moyo unakwenda mbio akipanda kilima kidogo. Ndugu wanasema amelogwa.

Malapa yanapunguza hatari lakini hayaimalizi, kwa kuwa tope linapanda kati ya vidole. Shambani vaa buti za mpira. Choo cha shimo kiwe na sakafu inayosafishika. Sakafu ya udongo uliolowa kuzunguka tundu ni mahali pabaya kuliko kichaka kikavu.

Funza, au tekenya, ni kiroboto anayeishi kwenye vumbi kavu. Hakuwa mwenyeji wa Afrika: aliletwa kutoka Amerika Kusini, akashuka Angola mwaka 1872 kwenye mchanga wa meli, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara hadi pwani yetu. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, hujaa mayai na kuvimba kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Kinga yake ni sakafu. Kama hakuna saruji, kandika kwa udongo na samadi, ziba nyufa, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na usilale chumba kimoja na mbuzi, mbwa au nguruwe. Kagua miguu ya watoto kila jioni ukiosha.

Kumtoa kwa pini au mwiba unaopita kutoka mguu hadi mguu ni hatari kubwa kuliko funza mwenyewe: pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita hapo. Kila mtu na sindano yake mpya, au bora zaidi, uliza kituo cha afya kuhusu mafuta ya dimetikoni yanayopakwa juu na kumkosesha pumzi bila kuchokoa. Wazee na walemavu wasioweza kuinama kujikagua ndio wanaoumizwa zaidi, na mara nyingi wanafichwa ndani kwa aibu.

Hatua ya 5: Maji ya kuoga, kufulia na kuvulia

Kichocho kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni ugonjwa ambao mtu anaweza kuishi nao miaka mingi akidhani ni kitu kingine. Mwanzo wake ni mkojo au kinyesi cha mgonjwa kuingia ziwani, bwawani au kwenye mfereji wa mpunga. Mayai yanaanguliwa majini, yanaingia ndani ya konokono wadogo, yanazaliana humo, kisha kwa maelfu wanatoka viumbe wenye mkia wanaotafuta ngozi ya binadamu. Wakiipata hupenya kwa dakika chache. Wasipoipata hufa ndani ya siku 1 au 2.

Kutokana na maelezo hayo unapata kinga zake zote:

- Konokono hao hutoa vimelea zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana hivi. Kama huna njia ila kuingia majini, asubuhi mapema ni afadhali, ingawa si salama kabisa.
- Maji yaliyotekwa na kukaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku 2, bila konokono ndani, yanafaa kuogea.
- Bahari haina kichocho. Mtoto wa Kizimkazi anayeogelea baharini yuko salama. Akihamia kuogelea kwenye kidimbwi cha ndani hayuko salama tena.
- Mvuvi na mkulima wa mpunga hawawezi kuambiwa wasiguse maji. Hao wanahitaji buti ndefu pale zinapowezekana, na kupimwa kila mwaka.
- Watoto wafundishwe kutokukojoa majini. Hili ndilo linalokata mzunguko, na halina gharama.

Kichocho cha mkojo huleta damu mwishoni mwa kukojoa. Katika baadhi ya vijiji mvulana akikojoa damu walikuwa wakisema amebalehe. Hapana; anaumwa, na akiachwa miaka kibofu na figo vinaharibika. Kichocho cha utumbo huvimbisha ini na wengu, tumbo linajaa maji, na mgonjwa anaweza kutapika damu nyingi ghafla.

Kwa wanawake kuna sura nyingine inayosahaulika. Mayai hukaa kwenye shingo ya uzazi na uke, yakaleta maumivu wakati wa tendo, damu nje ya hedhi, uchafu usioisha, hata ugumba. Dada anatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, ndoa inaingia maneno, kumbe ni dimbwi la utotoni. Vidonda hivyo pia vinahusishwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi. Kama ulikulia kwenye maji ya aina hiyo na matibabu ya zinaa hayajasaidia, mwambie daktari wazi: nimekulia kwenye kichocho.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupata vidonge 4 vya miligramu 600, na vimezwe baada ya kula, la sivyo kizunguzungu na kichefuchefu vitamfanya achukie dawa. Inaua minyoo wakubwa, wachanga wanaponea. Ukitibiwa wiki moja baada ya kutoka ziwani unaweza kuwa umetibiwa nusu. Subiri wiki 6 hadi 8, au rudia dozi muda huo ukifika.

Hatua ya 6: Nyama, na kwa nini asiyekula nguruwe naye asome hapa

Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu, anapata tegu tumboni. Tegu huyo humsumbua kidogo, wengi hawajijui. Lakini mtu huyo sasa anatoa mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanageuka vifuko kwenye nyama yake, na mzunguko unatimia.

Hatari kubwa iko pembeni ya mzunguko huo. Binadamu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono ya mpishi mwenye tegu asiyenawa, au kwa mboga, mwili wake unafanywa kama wa nguruwe: vifuko vinajijenga kwenye misuli, machoni na kwenye ubongo. Vya ubongo huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako nguruwe wanazurura kati ya watu, karibu asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni hiki. Kwa hiyo Mwislamu ambaye hajawahi kuonja kitimoto, au mtu asiyekula nyama yoyote, anaweza kupata kifafa hicho kwa sahani ya ugali na mboga.

Basi hatua zenyewe: nguruwe wafungiwe, na kila kaya ya jirani iwe na choo, kwa kuwa moja bila nyingine haitoshi. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Ukiikata ukaona vipunje vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele au njegere, usiipunguzie bei, itupe shimoni uizike. Vipande vikatwe vidogo ndipo viive hadi kati. Lile pande kubwa la haraka lenye wekundu ndani ndilo lenye lawama. Na anayeona vipande bapa vyeupe kwenye choo chake akatibiwe upesi, hasa akiwa mpishi au mama lishe.

Mwenye kifafa au kichwa kinachouma muda mrefu asimeze prazikwanteli au albendazoli kwa kujinunulia. Vifuko vya ubongo vikifa kwa pamoja ubongo huvimba; tiba hiyo ni ya hospitali.

Tegu wa ng'ombe hana balaa hilo. Anafika mita kadhaa, vipande vyake hutoka vyenyewe na kutambaa kwenye chupi, jambo linalotisha kuliko linavyodhuru. Nyama choma iive, basi.

Kwa wafugaji wa Turkana na Umaasai: ini au pafu lenye malengelenge ya maji lisitupiwe mbwa. Mbwa akilila anapata tegu mdogo, mayai yanabaki kwenye manyoya yake, mtoto anamshika, na miaka kadhaa baadaye uvimbe wa maji ukubwa wa tikiti unakutwa kwenye ini la mtu. Lichome au lizike kwa kina. Mjamzito naye asisafishe choo cha paka wala kulima bustani bila glavu, kwa sababu ya toksoplasma, kimelea cha kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hatua ya 7: Mbu na wenzake

Malaria imeandikwa sana, nitasema machache. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi. Kipimo kabla ya dawa mseto, na dozi yote siku 3. Mjamzito asikose dawa ya kinga ya SP kliniki. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria katika kaunti za magharibi mwaka 2019, na Uganda ilianza 2025. Ulizia kama mtoto wako yumo kwenye umri wake, na usikatize dozi njiani.

Matende na mabusha husambazwa mijini na mbu anayezaliana kwenye maji machafu: makaro, mitaro, mashimo ya vyoo yaliyojaa maji. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe ndogo za plastiki nyepesi kwenye mashimo ya vyoo. Zilielea zikafunika maji, mbu wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa walizopewa watu maambukizi yakashuka sana. Kama choo chako kina maji ndani na mbu wanatoka kwa wingi jioni, funika tundu kwa kifuniko kinachokaza na weka wavu kwenye bomba la hewa. Aliyekwisha kuvimba mguu aoshe kila siku kwa sabuni, akaushe kati ya vidole, aunyanyue akiwa amekaa. Hilo huzuia zile homa za mara kwa mara zinazouongezea uvimbe.

Kwenye mbuga, mbung'o anayeeneza malale huuma mchana na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaa kaki. Homa baada ya kutoka Serengeti isiyo malaria, itaje safari hiyo. Baringo na Pokot, usikae wala kulala karibu na vichuguu jioni. Humo ndimo anamojificha mdudu wa kala-azar, mdogo kuliko mbu.

Hatua ya 8: Ngozi na nguo

Upele huwasha usiku zaidi, na hupenda kati ya vidole, viwiko, kiunoni na sehemu za siri. Hauponi kwa sababu moja: anatibiwa mtoto mmoja, wenzake wanne wanaachwa. Paka dawa uliyopewa kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha pia, watu wote wa nyumba usiku mmoja, hata wasiowashwa. Kesho yake fueni nguo na shuka kwa maji ya moto na kupiga pasi. Visivyofulika vifungeni kwenye mfuko wa plastiki wiki moja. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, kwa hiyo msijipake dawa kila siku mkaunguza ngozi.

Chawa wa kichwani wanyolewe au wachanwe kwa chanuo lenye meno ya karibu nywele zikiwa zimelowa. Mafuta ya taa kichwani yameunguza watoto, achaneni nayo.

Msimu wa mvua kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kwenye majani. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta jipu lenye tundu linalochezacheza. Anika juani kwenye kamba, piga pasi pande zote mbili, pindo na kiuno visisahaulike, nepi kwanza. Jipu likishatokea, lifunike kwa mafuta mazito ya mgando. Akikosa hewa atajitokeza, umkamue taratibu.

Hatua ya 9: Kupima na kumeza

Sampuli huwa na wakati wake, na wengi hupewa majibu ya "huna kitu" kwa sababu waliileta saa mbaya. Mkojo wa kichocho uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Damu ya matende kwa darubini ichukuliwe kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku, kwa kuwa mchana vimelea hujificha mapafuni. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kisichojali saa. Choo kipelekwe kikiwa kipya, na kikionekana safi huku dalili zinaendelea, rudia siku nyingine mbili.

Albendazoli ni miligramu 400 mara moja, na 200 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Chini ya mwaka 1 hapana, na mimba ya miezi 3 ya kwanza hapana. Inamaliza askarisi vizuri na safura kwa kiasi kizuri. Kwa mnyoo mjeledi, mnyoo mwingine wa utumbo, dozi moja ni dhaifu, jambo ambalo tafiti za Pemba zimelithibitisha mara kadhaa. Huko ikiunganishwa na ivamektini ilifanya kazi zaidi. Kwa kichocho haifanyi kitu. Mbegu za papai na kitunguu saumu ni chakula kizuri, ila hazitoshi kumtibu mtoto aliyepauka kwa safura. Siku ya dawa shuleni mpe mwanao uji kwanza, umwache ameze.

Usingoje hata kidogo kwa haya: kifafa cha kwanza ukubwani, choo cha damu pamoja na homa, tumbo la mtoto lililovimba na kuwa gumu huku hajambi wala hapati choo, macho ya njano, na homa yoyote kwa mtoto mchanga.

Walio Muscat, London au Toronto wana jambo lao. Homa ikikupata baada ya kutoka nyumbani, sema mapema kwamba umetoka Afrika Mashariki, hata kama miezi kadhaa imepita. Daktari wa huko hatafikiria malaria usipomkumbusha. Na kuna mnyoo mdogo, strongiloidi, anayeingia kwa nyayo kama safura lakini ana uwezo wa kujizalisha humohumo mwilini kwa miongo. Hana dalili kubwa, hadi siku unapopewa prednisoloni au deksamethasoni kwa pumu, kwa viungo au kwa kupandikizwa figo. Kinga ikishuka anasambaa mwili mzima na anaweza kuua. Kabla ya kuanza dawa hizo, mwambie daktari kwamba ulikulia kutembea peku nchi za joto, umwombe kipimo cha damu cha strongiloidi. Akikutwa, ivamektini humtoa.